Upande wa Marehemu

Katika eda ya mume wangu nilichoshwa na mengi, lakini kompyuta yake ilinichosha kuliko nguo nyeupe, kuliko joto la chumba kilichofungwa madirisha, kuliko hata wageni waliokuja kunipa pole huku macho yao yakihesabu mapazia yangu. Kila asubuhi nikiiwasha, kioo kilikuwa cheusi, ikatokea mistari miwili ya maandishi meupe, ikaniuliza nataka kuingia upande gani, wake au wangu. Wake ulikuwa juu. Nisipobonyeza upesi ilijiendea yenyewe upande wake, ikapiga mlio mfupi wa ngoma kama wa kidumbaki, kisha ikaandika jina lake kwa herufi kubwa na kumngoja atie neno lake la siri. Neno hilo hakumwambia mtu, na mimi sikuwahi kumuuliza. Basi nilibaki nimekaa mbele ya jina la mtu aliyekufa, natafuta pa kuizimia.

Hizo zilikuwa zile siku ambazo simu ya mkononi ishakuwa ya kila mtu Unguja, lakini ukipita njiani na laptop watu bado wanageuka. Yake aliinunua mkono wa pili kwa mtu aliyerudi Dubai. Ilikuja na katoni yake, CD zake za kuirudishia hali yake ya asili, na kitabu cha maelezo cha lugha chungu nzima isipokuwa yetu. Vyote alivihifadhi. Chini ya kitanda chetu mlikuwa na katoni ya pasi, katoni ya feni, na katoni ya redio iliyoharibika kabla sijaolewa. Nikitaka kufagia ilinibidi nihame nchi.

Kisha rafiki yake wa kazini akampa CD ya mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, wa bure, ambao ati hauna mwenyewe. Umetengenezwa na watu wa dunia nzima kwa kujitolea. Maneno hayo yalimlevya. Akaigawa kompyuta mafungu mawili. Fungu moja akalitia mfumo wake wa bure. La pili akaniachia na mfumo iliotoka nao dukani, kwa sababu mimi nilikuwa nikichapa kazi za watu, kadi za harusi, barua, tasnifu za wanafunzi, na wateja wangu walitaka kazi zao zifunguke kokote bila ya vishindo. Nikamwambia, "Ushaniletea mke mwenza." Akasema huyu ni mke mwenza wa kheri, hataki kanga wala hataki kupelekwa Forodhani. Mchana ilikuwa zamu yangu, jioni baada ya chakula zamu yake, na zamu zile zilikwenda kwa haki kuliko za wanaume wengi ninaowajua.

Tulikuwa tukikaa na mavyaa wangu, mama yake, katika nyumba ya Mji Mkongwe ambayo zamani yote ilikuwa yao, tangu duka la chini mpaka darini, na sasa imebaki ghorofa moja na hadithi. Chumba chake kilipakana na chetu. Kompyuta hakuijua, wala hakutaka kuijua, lakini ile ngoma aliijua. Ikilia jioni alisema kutoka chumbani kwake, "Huyo kakaa." Maana yake mwanawe ashakula, ashatulia, hana tena safari ya barazani, na yeye anaweza kujinyoosha. Alikuwa mtoto wake wa pekee. Sisi hatukujaaliwa kupata.

Alianguka kazini asubuhi, alasiri akazikwa. Sina zaidi la kusema juu ya siku hiyo.

Mavyaa hakulia. Waliokuja matangani walimsifu kwa subira yake, na mimi pia nilidhani ni subira. Lakini neno lenyewe, kwamba kafa, hakulitamka. Wageni wakimwuliza ilikuwaje, alisema "siku ile", basi, kisha akawauliza kama wamepata kahawa. Kandambili za mwanawe zilibaki mlangoni na hakuna aliyethubutu kuzisogeza.

Mara ya kwanza nilipochelewa kubonyeza na ngoma ikalia, alitokea mlangoni mkono kifuani.

"Nani?"

"Kompyuta, mama. Imejiendea yenyewe."

Nikataka kuizima. Akasema, "Iache." Akaja akakaa ukingoni mwa kitanda. Herufi za kizungu hazisomi, anasoma msahafu tu, lakini alinyoosha kidole palepale penye jina. "Hapa?" Nikamwambia hapo. Akapatazama kitambo, kisha akainuka akaenda kupika.

Kesho yake alikuja tena, na kesho yake tena. Nikiwahi kubonyeza na kuingia upande wangu, alisimama mlangoni na kuniuliza kwa unyonge, "Leo huipigi?" Basi ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Naiwasha, naiacha iende upande wake, ngoma inalia, mavyaa anakaa na jina la mwanawe mpaka atosheke, kisha naizima kwa nguvu, naiwasha upya, nawahi kubonyeza, naanza kazi. Yeye alitoka pale kapoa kidogo. Mimi nilibaki nimevunjika mwili mzima. Nilikuwa nikifiwa na mume kila siku kabla ya chai.

Mashine nayo haikuipenda desturi hiyo. Ilikuwa nzee, imejaa, na kule kuzimwa kwa nguvu kulizidi kuimaliza. Upande wangu ukaanza kuganda. Naandika mstari, nangoja, unatokea nusu. Kazi ya mteja mmoja ikapotea yote. Nikatuma niitiwe fundi, nami nilijua ninachokitaka. Nilitaka irudishwe kama ilivyotoka dukani, upande mmoja, mfumo mmoja, iwake bila ya kuniuliza chochote juu ya mume wangu. Nilimwambia mavyaa inatengenezwa. Sikumwambia zaidi, na yeye hakuuliza.

Fundi alikuwa mtu wa Kikwajuni, wazee wake walitoka bara, ana kibanda chake Darajani. Mpaka leo sijui sura yake. Alipanda ngazi, akasimama ukumbini, nikamsikia: "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu ukae."

Alitaka kwenda nayo kibandani kwake, airudishe kesho. Mavyaa akakataa. Mali ya mwanangu haijarithiwa, alisema, haitoki nyumba hii na wala haiguswi na mkono wa nje. Fundi akasema basi angalau iletwe ukumbini aione. Hilo nalo likakataliwa. Akaamua niifanyie kazi mimi mwenyewe, ndani, kwa mkono wangu, na fundi anielekeze kutoka ukumbini.

"Nizungumze naye kwenye pazia?" fundi akauliza.

"Wewe utazungumza na mimi," akasema mavyaa.

Shehe wa mtaa wetu alishasema, tena mbele yake, kwamba mwanamke wa eda anaweza kusema na mtu baki kwa haja yake, iwe daktari, iwe fundi, maadamu ni kwa adabu. Mavyaa alimsikiliza shehe, akamshukuru, akaendelea na sheria yake. Sauti yangu isifike ukumbini. Mimi nimwambie yeye, yeye amwambie fundi, fundi amjibu yeye, yeye aniletee. Sikuwa na nguvu za kubishana. Mwanamke wa eda akibishana na mavyaa wake, mji mzima unapata la kuzungumza mpaka Idi.

Kazi ikaanza. Kwanza nilizihamisha kazi za wateja kwenye flashi. Kisha nikapiga magoti, nikaitoa katoni uvunguni, na CD zilikuwa mle ndani, katika mfuko wa nailoni, zimefungwa raba kama jana. Niliifungua ile raba kwa hasira, sijui nilimkasirikia nani.

"Anasema utie ile ya kwanza, uzime, uwashe," mavyaa akaniambia.

Nikatia, nikazima, nikawasha. Safari hii kioo kikaja na swali la kizungu. Je, irudishe sehemu ya kwanza peke yake, au diski nzima? Kwenye mistari ile wake ulikuwa juu, lakini ndani ya diski upande wangu ndio uliokuwa wa kwanza. Nikamwambia mavyaa amwulize fundi, sehemu ya mbele tu au yote nzima. Akaenda. Kupitia ukutani nilisikia sauti ya fundi ikieleza, kisha ya mavyaa ikiuliza kitu, kisha ya fundi tena, fupi. Yalikuwa maneno mengi kwa swali dogo kama lile. Akarudi polepole, akiburura miguu.

"Anasema ya mbele."

"Ya mbele peke yake?"

"Ndivyo alivyosema."

Ningeweza kufikiri. Kizungu nakisoma, na hata mtoto angejua kuwa ukitaka kuondoa kitu huchagui pale ambapo hakipo. Lakini nilikuwa nimechoka kuamua mambo. Tangu siku ile kila mtu ananiuliza, sahani ngapi za pilau, nani asome hitma, nguo zake apewe nani. Raha yangu ilikuwa moja tu, kuambiwa bonyeza hapa, nami nikabonyeza.

Kazi ile ni ya kungoja. Mstari wa kijani unajaa kidogo kidogo, unakutaka utie CD nyingine, unaanza tena. Mavyaa alikaa na tasbihi yake. Fundi alipelekewa chai, akapelekewa na mkate wa kumimina. Tulipofika CD ya mwisho umeme ukakatika. Betri ya kompyuta ilishakufa zamani, basi ikazimika palepale, na mtaa mzima ukaanza kunguruma kwa majenereta ya wenye nayo. Fundi akaaga. Kesho yake ikabidi tuanze mwanzo, swali lile lile, na mavyaa akanambia bila hata ya kwenda ukumbini, "Ya mbele. Kama jana."

Safari hii umeme ukasimama. CD ya mwisho ikatoka, mashine ikajizima, ikajiwasha. Nilikuwa nimeshika meza. Kioo kikawa cheusi, mistari miwili ikatokea, wake juu, na kabla sijanyanyua mkono ngoma ikalia. Jina lake likaja pale pale lilipokuwa. Mavyaa hakuinua macho kwenye tasbihi.

"Mwambie," nikasema, "bado yupo vile vile."

Akaenda. Nikamsikia fundi akisema haiwezekani. Akasema tena haiwezekani, kwa sauti ya mtu aliyeanza kutilia shaka ufundi wake. Kisha nikasikia hatua zake zikivuka ukumbi, na kivuli kikasimama nyuma ya pazia la mlango wangu.

"Bi, nisamehe, nakuingilia. Lakini nshachoka na mimi. Nilimwambia mama uchague yote nzima. Jana nilisema, na leo nilipofika nimesema tena. Wewe umechagua ipi?"

Hakukuwa na mtu wa kumpelekea jibu, maana mavyaa alisimama naye pale pale pembeni ya pazia. Nikasema mwenyewe, "Nimechagua ya mbele."

"Nani kakwambia?"

Kivuli kikangoja, kisha kikaelewa. "Haya," akasema, kwa upole sasa. "Nnakwenda kusali. Nitapita baadaye." Na akateremka.

Mavyaa akaingia chumbani akakaa alipozoea kukaa, ukingoni mwa kitanda. Nilimgeukia kwa hasira.

"Mama, siku mbili! Siku mbili umenikalisha hapa naangalia mstari wa kijani. Kwa nini hukunambia tu hutaki?"

"Nilimwuliza," akasema. "Nilimwuliza, ukichukua nzima, mwanangu anabaki? Akanambia, bibi, habaki kitu." Akainua kichwa. "Na mimi nna fungu langu mle. Katika kila alichoacha mama ana fungu lake. Wewe chukua la mbele, mimi niachie la nyuma. Nimekosea nini?"

Nikamwambia fungu haliwi jina kwenye kioo.

"Wewe sema," akasema. "Wewe umewekewa miezi minne na siku zake. Watu wanakuletea chakula, wanakwambia pumzika, wanakupigia hesabu lini unatoka. Siku ya kutoka utaogeshwa, utafukizwa udi, na bado mbichi, In-shaa-Allah utaolewa. Mimi mama. Mama kapewa siku tatu. Siku ya nne nilikuwa jikoni, naosha masufuria ya matanga, na kila aliyepita alikuuliza wewe hali yako."

Ilikuwa kweli. Hata mimi nilikuwa sijamwuliza. Tangu siku ile alikuwa akinipikia, akinifulia nguo zangu nyeupe, akipokea wageni wangu, nami niliona ndiyo kazi ya mavyaa.

Hasira ikaniisha, ukabaki ule uchovu tu. Nikamwambia kitu ambacho sikuwa nimemwambia mtu.

"Mama, ile ngoma ikilia, mimi hugeuka kutazama mlango. Kila siku. Najua hayupo, mimi ndiye niliyeiwasha mashine kwa mkono wangu, na bado nageuka. Kisha lazima nijiambie upya. Siwezi tena. Nitakuwa mgonjwa."

Alinitazama kama mtu aliyeshikwa begani ghafla.

"Na wewe hugeuka?"

"Hugeuka."

"Mimi nilidhani wewe unaizima kwa sababu hujali," akasema. "Nilidhani ni mimi tu."

Chini ya dirisha mwuza kashata alipita akinadi, akaenda zake. Mashine ilikuwa bado imewaka mbele yetu, jina liko pale, na sehemu ya kutia neno la siri iko tupu. Mavyaa akaniuliza kama neno lile lingejulikana, ndani mngekuwa na nini. Nikamwambia ninavyomjua, mngekuwa na mifumo mingine ya bure. Akacheka kidogo, puani. Alikuwa mtoto wa kufungua redio akashindwa kuzifunga, akasema. Nyumba nzima ilikuwa na redio zilizo wazi matumbo. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza naye juu yake tangu matanga.

Fundi aliporudi, mavyaa ndiye aliyempokea juu ya ngazi.

"Mwambie achague nzima, mama," fundi akasema, taratibu, kama anayempimia maneno.

Akaja mpaka kwangu. Hakuwa na haja ya kuja, nilishasikia. Lakini alikuja, akasimama mbele yangu, akasema, "Anasema nzima."

"Na wewe?"

"Bonyeza, mwanangu. Kabla umeme haujakatika."

Nikabonyeza. Mashine ikauliza kama nina hakika, maana yote yatafutika. Nikamfasiria. Akasema hata haya makompyuta yana inda, lazima yakuulize mara mbili. Nikabonyeza tena. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa, na safari hii mavyaa hakushika tasbihi. Alivuta kiti akakaa ubavuni mwangu, mabega yetu yakigusana, na kila CD ilipotoka yeye ndiye aliyenipa inayofuata. Nilikuwa na usingizi wa watu kumi.

Ilipojiwasha hakukuwa na kioo cheusi wala mistari miwili. Pakaja rangi ya buluu na muziki laini wa dukani, wa kitoto, ambao hakuna mtu anayeweza kuupenda wala kuuchukia. Mimi sikugeuka kutazama popote. Nilisikia mwili wangu umelegea, nikaona haya kwa kulegea kwake.

Kisha mashine ikasimama na swali, na kijistari kinawaka na kuzimika mahali pa kuandikia.

"Inataka nini tena?" mavyaa akauliza. Alishainuka tayari, kanga yake ishakaa sawa kichwani. "Nimwulize nini fundi?"

"Hili si la fundi, mama. Inauliza nani mwenye kuitumia."

Akasimama pale. Mavyaa alikitazama kile kijistari kinavyowaka na kuzimika, kinangoja, na nikadhani atasema niandike jina la mwanawe. Kama angesema hivyo, ningeliandika. Sikuwa na nguvu ya kukataa.

"Iambie mwanangu kafa," akasema. "Andika jina lako."

Nikaandika. Na yeye akakaa chini, sakafuni, akalia kwa sauti, kilio chote alichokuwa hakulia siku ya maziko. Nilishuka kwenye kiti nikakaa naye, nikamwacha alie mpaka achoke.